Maswali na Majibu: Klachi Si Mahali pa Kupumzishia Mguu

Maswali tuliyochagua safari hii yote ni ya magari ya gia za mkono. Mizunguko ya injini tunayoitaja ni kwa dakika, na ni ya magari madogo ya petroli. Tukizungumzia dizeli au lori tutasema. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti na sisi, fuata kitabu.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Ndiyo kwanza naanza kujifunza udereva. Nikiachia klachi gari linaruka mara mbili tatu, linazima. Mwalimu ananiambia niongeze mafuta, nikiongeza injini inalia na gari linachomoka. Kosa liko mguu gani? (Mwanafunzi wa udereva)

JIBU: Marahaba. Kosa liko mguu wa kushoto, ndiyo maana kuongeza mafuta kwa mguu wa kulia hakukusaidii.

Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka muda wote injini ikiwa hai. Kati ya flaiwili na presha pleti, yaani bamba la chuma linalokandamizwa na springi, imebanwa sahani ya klachi, na sahani hiyo ndiyo inayozungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi inasukuma springi, presha pleti inalegea, sahani inabaki huru. Ukiachia, inabanwa tena. Katikati ya kuwa huru na kubanwa kabisa kuna nafasi fupi, pengine sentimita 2 au 3 tu za mwendo wa pedali, ambapo sahani inateleza huku inashika. Gari huondokea hapo. Ukiipita nafasi hiyo kwa haraka, injini inayozunguka mara 800 inalazimishwa ghafla kuzungusha magurudumu yaliyosimama. Ikiwa haina nguvu ya kutosha inazima. Ikiwa umeijaza mafuta, gari linachomoka. Hayo yote mawili ni kosa moja.

Tafuta uwanja tambarare usio na watu. Weka kiti sawa kwanza: klachi ikiwa imefika sakafuni, goti libaki limekunjika kidogo. Ukikaa mbali, utakuwa unaifikia pedali kwa ncha ya vidole, na vidole havina utulivu wa kupandisha pedali kwa milimita. Sasa ingiza gia ya 1, shusha hendibreki, na usiguse kabisa pedali ya mafuta. Achia klachi taratibu mno hadi usikie sauti ya injini ikizama kidogo na pua ya gari ikiinuka. Simamisha mguu papo hapo. Usipandishe, usishushe. Gari litaanza kutambaa lenyewe, kwa sababu injini za kisasa hujiongezea mafuta kidogo zikihisi zinalemewa. Likishatambaa kwa mita moja au mbili, achia pedali iliyobaki. Kanyaga klachi na breki, simama, rudia. Fanya hivyo hadi mguu uijue nafasi hiyo bila kufikiria.

Baada ya hapo ndipo mafuta yanaingia. Pandisha injini hadi mizunguko 1,200 au 1,500 na uishikilie hapo kabla klachi haijaanza kushika, kisha fanya kilekile ulichofanya uwanjani. Wengi hufanya vizuri hadi gari linaposogea, halafu wanauondoa mguu wa kushoto kwa furaha ya kuona limeondoka. Wakati huo sahani na flaiwili bado hazijalingana mwendo, ndiyo maana gari linaruka. Shikilia kwa sekunde moja zaidi. Na likianza kurukaruka, kanyaga klachi yote mara moja uanze upya. Ukiongeza mafuta wakati gari linaruka, mwili wako unatikiswa mbele na nyuma, mguu wa kulia unatikisika pamoja nao, na kuruka kunazidi.

SWALI: Nibadilishe gia injini ikiwa mizunguko mingapi? Rafiki yangu anasema ukiwahi kupanda gia ya juu unaokoa mafuta. Mimi gari langu linatetemeka nikifanya hivyo.

JIBU: Rafiki yako ana ukweli, ila ameupitiliza. Gia ya juu hupunguza mizunguko, na mizunguko michache hupunguza mafuta, mradi injini ibaki na nguvu ya kubeba gari. Likitetemeka, injini imelemewa.

Kwenye barabara tambarare, panda gia injini inapofika kati ya mizunguko 2,000 na 2,500. Dizeli inapenda kupandishwa mapema zaidi, kati ya 1,500 na 2,000, kwa kuwa nguvu zake zinapatikana chini. Ukiwa mlimani, umebeba mzigo, au unaingia barabara kuu yenye magari ya kasi, acha injini ipande hadi 3,000 au zaidi. Haitadhurika. Imetengenezwa ifanye kazi hiyo, na injini yenye joto lake kamili inastahimili mizunguko mingi vizuri kuliko inavyostahimili mzigo mzito kwenye mizunguko michache.

Chukua giaboksi yenye uwiano (mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka giaboksi) wa 3.5 gia ya kwanza, 1.9 ya pili, 1.3 ya tatu, 1.0 ya nne na 0.8 ya tano. Ukitoka gia ya 2 kwenda ya 3 injini ikiwa mizunguko 2,500, itashuka hadi kama 1,700. Hapo gari linavuta bila shida. Ukitoka gia ya 2 ikiwa 1,500 tu, itatua karibu na 1,000, na injini nyingi za petroli hapo hazina kitu cha kukupa. Utakanyaga mafuta hadi chini, gari litajikongoja, na utasikia kugonga. Kugonga huko ni mafuta yanayolipuka ndani ya silinda kwa wakati usiofaa, na kunapiga pistoni na beringi za krenki, shafti kuu ya injini. Injini ndogo zenye tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, ndizo zinazoumia zaidi. Dawa si kukanyaga zaidi. Dawa ni kushusha gia.

Kuruka gia hakuna ubaya. Ukishaingia barabara kuu kwa gia ya 3 na mwendo umetosha, nenda moja kwa moja ya 5. Giaboksi haihitaji kupitishwa ya 4 ili ijue njia.

SWALI: Kwenye foleni iliyo mlimani gari langu linarudi nyuma kabla sijaondoka. Nimewahi kukaribia kumgonga aliye nyuma yangu. Naambiwa niwe nalishikilia kwa nusu klachi. Ni sawa?

JIBU: Kulishikilia kwa nusu klachi ndiko kunakochoma klachi kuliko jambo jingine lolote dereva analoweza kufanya. Gari limesimama, flaiwili inazunguka, sahani inasuguliwa bila kwenda popote. Joto lote linabaki palepale. Dakika chache za foleni ya aina hiyo zinatosha kukuletea harufu ya kuungua.

Tumia hendibreki. Ukisimama, ivute hadi ishike kweli, weka nyutro (mkono wa gia usiwe kwenye gia yoyote), ondoa miguu. Zamu yako ikifika: klachi chini, gia ya 1, pandisha injini hadi 1,500, au 2,000 mlima ukiwa mkali au gari limejaa. Achia klachi hadi pua iinuke na sehemu ya nyuma ya gari ionekane kama inakaa chini. Hapo injini inavuta na hendibreki inazuia. Bonyeza kitufe, ishushe hendibreki taratibu huku mguu wa kushoto ukiwa umetulia, na gari litakwenda mbele au litabaki limesimama. Halitarudi nyuma. Likirudi hata kidogo, hukuwa umefika mahali pa kushika. Kanyaga breki, vuta hendibreki, anza tena. Usijaribu kuliokoa kwa kuachia klachi ghafla.

Jambo la pili ni nafasi. Mlimani acha pengo linalokuwezesha kuona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami, kwa sababu yeye pia anaweza kurudi. Na foleni ikisogea nusu mita, huna haja ya kuifuata. Subiri pengo lifike urefu wa magari mawili ndipo uondoke mara moja.

Magari mengi mapya yana mfumo unaoshikilia breki kwa sekunde mbili hivi baada ya kuiachia. Unasaidia, lakini ni sekunde mbili tu, na hendibreki yake ikiwa ya kitufe mara nyingi hujiachia yenyewe ukianza kuondoka ukiwa umefunga mkanda. Ijue ya gari lako kabla hujaitegemea.

SWALI: Mume wangu akifika mteremko mrefu anaweka nyutro, wakati mwingine anazima na injini kabisa, anasema anaokoa mafuta. Mimi naogopa. Naomba mtupe jibu ambalo naweza kumwonyesha.

JIBU: Dada, mwonyeshe hili lote, na tunamwomba alisome kwa utulivu.

Kwanza suala la mafuta, kwa kuwa ndiyo hoja yake. Kwenye gari lenye injini ya sindano za kielektroniki, yaani karibu magari yote ya miongo mitatu iliyopita, ukiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye pedali ya mafuta, kompyuta ya injini inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Mafuta hurudi mizunguko ikishuka karibu na ile ya injini isiyokanyagiwa mafuta, kati ya 1,000 na 1,500 kutegemea gari. Kwenye nyutro hakuna kinachoizungusha injini, kwa hiyo inabidi ichome mafuta ili isizime. Maana yake, kwenye mteremko mkali anaokusudia kuokoa mafuta, nyutro ndiyo inayoyatumia na gia ndiyo isiyoyatumia. Mazoea haya yalianza enzi za kabureta, nayo kabureta haikuweza kukata mafuta namna hiyo.

Sasa usalama. Gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 500 linatoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji. Nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo na tairi. Ukiwa ndani ya gia, sehemu kubwa inachukuliwa na injini. Ukiwa nyutro, iliyobaki yote inaingia kwenye diski, pedi na ngoma za breki. Pedi zikipata moto kupita kiasi zinapoteza msuguano, unakanyaga na gari halipungui kama ulivyozoea. Joto likiendelea linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi na ya DOT 4 kuanzia nyuzi 230, lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakishanyonya kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 na 155. Yakichemka yanakuwa na mvuke ndani ya mabomba, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni.

Kuzima injini ni hatari kubwa zaidi. Nguvu inayokusaidia kukanyaga breki hutokana na injini. Ikizimwa unabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye pampu unakuwa mzito. Na kwenye magari ya ufunguo, ukizungushwa kupita kiasi au kuchomolewa, usukani unajifunga.

Namna sahihi: chagua gia kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Kanuni ya zamani ya kushuka kwa gia uliyopandia bado inafaa, ingawa magari ya sasa yana nguvu na hupanda kwa gia ya juu kuliko inayohitajika kushukia, kwa hiyo mara nyingi utashusha moja zaidi. Gia ni sahihi ikiwa mwendo haupandi wenyewe, au unapanda polepole. Mizunguko 3,000 hadi 3,500 huku mguu umeondoka kwenye mafuta isimtishe. Injini inapiga kelele lakini haina mzigo mkubwa. Mwendo ukizidi, akanyage breki kwa nguvu ya kutosha hadi upungue kwa kilomita 10 hivi kwa saa, kisha aachie kabisa zipate kupoa. Kuegemeza mguu kwenye breki kwa wepesi kutoka juu hadi chini ndiko kunakozichemsha.

SWALI: Nikitaka kusimama nikanyage klachi kwanza au breki kwanza?

JIBU: Breki. Ukianza na klachi umeitenganisha injini mapema, na umejinyima msaada wake wa kupunguza mwendo. Kanyaga breki, acha mizunguko ishuke, na klachi ifuate inapokaribia 1,000, gari likiwa limebakiza mita chache kusimama. Katika dharura kanyaga breki kwa nguvu zote wala usiwaze habari ya klachi. Injini ikizima gari likiwa limesimama hujapoteza kitu.

Kwenye taa nyekundu weka nyutro na uachie klachi. Kuikanyaga muda wote kunaibana beringi ya klachi bila sababu. Vivyo hivyo ukiwa safarini: mguu wa kushoto ukae sakafuni pembeni ya pedali. Uzito mdogo tu wa mguu juu ya klachi unatosha kulegeza presha pleti kidogo, na wewe usijue hadi sahani iishe. Mkono nao usiegemee mkono wa gia, kwa sababu unasukuma uma za selekta (vyuma vinavyosogeza gia) ndani ya giaboksi zisuguane na pete inayozunguka.

SWALI: Rivasi inasaga. Wakati mwingine inaingia vizuri, wakati mwingine inatoa mlio wa chuma hadi abiria wanageuka. Gia nyingine ziko sawa. Fundi mmoja anasema giaboksi ifunguliwe.

JIBU: Usikubali giaboksi ifunguliwe kabla hujafanya majaribio haya mawili, hayagharimu chochote.

Gia za mbele zina sinkromeshi, yaani pete zinazolinganisha mwendo wa sehemu mbili kabla hazijaungana. Magari mengi hayana pete hiyo kwenye rivasi. Kwa hiyo rivasi inataka kila kitu kiwe kimesimama: gari lenyewe, na pia shafti ya ndani ya giaboksi, ambayo huendelea kuzunguka kwa muda baada ya klachi kukanyagwa. Jaribio la kwanza: gari likiwa limesimama kabisa na injini inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kanyaga klachi hadi chini, hesabu sekunde tano, kisha ingiza rivasi. Isiposaga, tatizo lilikuwa haraka yako. Njia nyingine ni kugusa gia ya 1 kwanza, kwa kuwa pete yake inaisimamisha shafti, halafu unakwenda rivasi. Ikigoma kuingia bila kusaga, meno yamekutana uso kwa uso. Rudi nyutro, achia klachi, kanyaga tena, jaribu upya, usiilazimishe.

Jaribio la pili ni pale inaposaga hata baada ya sekunde tano hizo. Zima injini na upitishe gia zote. Zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa na kusumbua ikiwa hai, klachi haiachii kikamilifu. Angalia kapeti iliyojikunja chini ya pedali (hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani), kebo iliyolegea, au mafuta ya klachi yaliyopungua. Kwenye klachi ya mafuta, ikanyage mara tatu nne mfululizo: gia zikiingia vizuri baada ya hapo, kuna hewa kwenye bomba au masta silinda na silinda ya chini zimeanza kuvuja. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, tazama nyaya na bushi za mkono wa gia. Giaboksi inabaki kuwa mtuhumiwa wa mwisho.

Na ikifika hatua ya kubadilisha oili ya giaboksi, soma daraja linalotakiwa. Oili ya GL-5 si toleo bora la GL-4. Baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali zinazoweza kuila shaba ya pete za sinkromeshi. Giaboksi ikitaka GL-4, ipe GL-4.

SWALI: Nimeanza kusikia harufu nikiwa nimebeba watu. Nitajuaje kama klachi imeisha au ni mimi ninavyoendesha?

JIBU: Harufu inayotokea baada ya mlima mgumu na kupotea siku ileile huwa ni ya uendeshaji. Inayorudi kila siku ni ya sahani iliyokwisha, na kipimo chake ni hiki. Kwenye barabara wazi na tambarare, nenda kilomita 50 hadi 60 kwa saa kwa gia ya 4, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Mizunguko na mwendo vinapaswa kupanda pamoja. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na mwendo ukabaki nyuma, sahani inateleza. Usirudie kipimo hicho mara nyingi, kila mara unazidi kuichoma.

Sikiliza pia beringi. Mlio unaotokea ukikanyaga klachi na kupotea ukiachia ni wa beringi ya klachi. Mlio ulio kinyume chake, unaosikika gari likiwa nyutro na mguu uko nje, kisha ukatoweka ukikanyaga, unatoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Mwambie fundi maneno hayohayo, utampunguzia kubahatisha.

Ikibidi kubadilisha, badilisha sahani, presha pleti na beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na kuipandisha ukiwa umeacha beringi iliyochoka ni kujipangia kuishusha tena. Giaboksi ikiwa chini, angalia mambo mawili mengine: uso wa flaiwili usiwe na nyufa wala madoa ya bluu ya kuungua, na oili sili ya nyuma ya krenki isiwe inavuja. Sahani mpya ikilowa oili itateleza na kushtuka hata kama ni ya jana.

SWALI: Nikiwa kilomita 100 kwa saa nilitaka kushuka kutoka gia ya 5 kwenda ya 4 nikaingiza ya 2. Injini ilipiga kelele ya kutisha, nikakanyaga klachi. Gari linatembea. Kuna madhara?

JIBU: Tumia zile namba za uwiano wa gia tulizotoa kwenye swali la kubadilisha gia. Mizunguko 3,000 kwenye gia ya 5 inakuwa 3,750 kwenye ya 4, lakini kwenye ya 2 inapita 7,000, juu ya mstari mwekundu wa injini nyingi. Kifaa kinachozuia injini isizidi hapo hufanya kazi kwa kukata mafuta, na hapa si mafuta yaliyokuwa yanaizungusha bali magurudumu. Ukiwahi kukanyaga klachi kabla haijaachiwa yote, huenda hakijaharibika kitu. Kama uliachia yote, mwombe fundi apime kombreshe (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, kwa sababu vali zinaweza kuwa zimegusa pistoni na kupinda. Silinda iliyo chini sana ya wenzake ndiyo yenye shida. Taa ya injini ikiwaka au injini ikitetemeka, usiendelee na safari.

Kosa hili huja kwa kuukamata mkono wa gia kwa nguvu na kuuvuta kuelekea upande. Springi za giaboksi nyingi huurudisha mkono katikati, kwenye mstari wa 3 na 4, ukiuachia. Kutoka 5 kwenda 4: toa gia hadi nyutro, legeza kiganja ili mkono ujirudishe katikati wenyewe, halafu vuta moja kwa moja nyuma kwa vidole. Jaribio la kuingiza gia isiyofaa mara nyingi huhisiwa mkononi, kwani sinkromeshi inakataa. Gia inayokataa kwa mwendo mkubwa isisukumwe.

SWALI: Betri imekufa na nina watu wa kusukuma. Naingiza gia ya ngapi?

JIBU: Ya 2. Gia ya 1 inabana magurudumu mno, gari linashtuka na linaweza kuteleza badala ya kuzungusha injini. Washa swichi hadi taa za dashibodi ziwake. Zisipowaka kabisa, umeme hautoshi kwa pampu ya mafuta wala kompyuta ya injini, na kusukuma hakutasaidia. Klachi chini, gia ya 2, hendibreki chini. Wanaosukuma wakae nyuma ya gari, asiwepo mtu mbele wala kwenye milango. Likifika mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, kilomita 8 hadi 10 kwa saa, achia klachi haraka, na injini ikishika tu ikanyage tena uongeze mafuta kidogo. Ikishindikana mara mbili tatu, acha. Petroli isiyochomwa inakwenda kwenye bomba la moshi, na kichujio cha kemikali kilichopo huko kinaharibika ikija kuwakia ndani yake. Tafuta waya za kuunganisha na betri nyingine. Na injini ikikubali, usiizime kwa nusu saa angalau, ukiwa umezima taa kubwa, redio na kiyoyozi ili jenereta ipate nafasi ya kuchaji.